Semina ya Siku Tatu

Nusra alikuwa ubaoni, akiwafundisha darasa la sita kutoa theluthi moja kwenye robo tatu, chupa ya uzazi ilipopasuka. Hakupiga kelele. Aliweka chaki mezani, akawaambia watoto wamalizie wenyewe kwenye madaftari, kisha akatoka akitembea kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa pomoni. Alipofika ofisini, mwalimu mkuu aliona buibui lililoloa mpaka kwenye ndara, akasahau hata kumpa kiti, akakimbia kumwita Bi Hindu.

Bi Hindu ni mama mkwe wake. Hapo Pate hapakuwa na mtu asiyejua kwamba mke wa Fadhil ni mja mzito, wala asiyejua mimba ina wiki ngapi, maana Bi Hindu alikuwa akiitangaza kila Ijumaa. Kalenda ya msikiti ilitundikwa jikoni kwake, na kila wiki ikiisha aliizungushia duara kwa mkaa. Kwa hesabu ya Bi Hindu, siku hiyo mimba ilikuwa imetimiza wiki thelathini na tano. Kwa hesabu ya Nusra, ambaye ndiye aliyesomea hesabu, ilikuwa na wiki thelathini na moja. Hesabu hii ya pili haikujulikana na mtu mwingine ila mumewe, naye alikuwa ameapishwa.

Mambo yalianza hivi. Tangu harusi, kila mwezi, Bi Hindu alimuuliza Nusra swali moja kwa sauti moja: "Vipi, mwanangu, kuna habari?" Na kila mwezi Nusra alijibu bado. Mwaka uliotangulia, mwezi wa kumi, swali likaja na nyongeza. Bi Hindu alirudi kutoka Faza, alikokwenda kumtazama dadake mgonjwa, akaanza kumsifu Maram, binti wa jirani. Jumatatu alisifu afya yake. Jumanne alisifu mwendo wake. Jumatano alifika kwenye nyonga, na Nusra, aliyekuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Nimechelewa, Mama."

Hakuwa amechelewa hata siku moja. Siku zake zilikuja na kwenda wiki iliyotangulia, Bi Hindu akiwa huko Faza. Lakini vigelegele vilishapigwa, na Bi Hindu alishasimama mbele ya kalenda akirudi nyuma kwa kidole mpaka mwezi wa tisa tarehe kumi na saba.

Jioni Nusra alimpigia simu Fadhil, aliyekuwa Kiwayu tangu mwanzo wa mwezi, akitengeneza milango ya hoteli ya wageni.

"Nimemwambia mamako nina mimba."

"Alhamdulillahi!"

"Sina."

Fadhil akauliza, "Sasa tufanyeje?"

"Tuifanye iwe kweli. Upesi."

Basi Nusra akamuaga mama mkwe kwamba ameitwa semina ya walimu wa hesabu huko Amu, kisiwani Lamu, siku tatu, mwisho wa mwezi. Fadhil akamwambia msimamizi wake jino linamuua. Wakakutana mtaa wa Mkomani hapo Amu, kwenye chumba cha juu cha nyumba ya wageni, wakakaa siku tatu wakijificha kama watu walioiba, na hali ni mke na mume wa halali walioozeshwa mbele ya mji mzima. Kisha Fadhil akarudi Kiwayu, asitoke huko mpaka mwezi wa kumi na mbili. Na Nusra, mwezi wa kumi na moja, akachelewa kweli. Alilia kwa furaha, halafu akakaa akahesabu, akalia tena kwa hofu.

Akajituliza kwamba wiki nne si kitu. Wanawake wengi hupitiliza. Naye angepitiliza tu, basi, ila angepitiliza sana. Alipopelekwa kliniki kufungua kitabu, nesi akauliza tarehe ya hedhi ya mwisho, na kabla hajafungua kinywa Bi Hindu alishajibu, "Kumi na saba, mwezi wa tisa," kwa madaha ya mtu anayetaja siku ya kuzaliwa kwake. Ikaandikwa kwa wino. Tangu hapo taabu ya Nusra ikawa tumbo, lililokataa kukua kwa kasi ya kalenda. Bi Hindu alilitazama, akaguna, akaamua mjukuu anakosa nguvu; ukaja uji asubuhi, supu ya changu mchana, maziwa na tende jioni. Tumbo halikubadilika. Uso wa Nusra ndio ulionenepa.

Na sasa walikuwa ndani ya boti kuelekea Amu, Nusra amelazwa juu ya magunia ya nazi, Bi Hindu akimshika mkono na kumsomea dua, akikatiza tu ili kumgombeza nahodha kila boti iliporuka wimbi. Gatini Fadhil aliwangoja. Siku hizi alikuwa fundi kwenye karakana ya palepale Amu, na alikuja na mkokoteni uliokuwa umetoka kushusha kreti za soda. Nusra alipandishwa juu yake, akasukumwa hadi hospitalini mbele ya umma.

"Umemwambia?" Fadhil alimnong'oneza.

"Nimwambie nini? Funga mdomo."

Daktari wa zamu aliitwa Kiprotich, kijana mrefu wa kutoka Bomet, mwezi wake wa tatu hapo kisiwani. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kilichopigwa pasi kikanyooka. Pembeni yake alisimama nesi Mahfudha, mzaliwa wa Mkomani.

"Mgonjwa ana tatizo gani?" Kiprotich aliuliza.

"Mayi yamemtoka," Bi Hindu akasema. "Tangu saa tatu."

Kalamu ya Kiprotich ilisimama. "Mayai? Mangapi?"

Bi Hindu akamgeukia Fadhil. "Huyu yuwauliza mayi ni mangapi. Mayi yahisabiwa?"

"Maji, daktari," Mahfudha akasema kwa upole. "Chupa imepasuka."

Kiprotich alikuwa mwungwana. Aliona haya, akacheka, akaomba radhi, akaanza kazi. Alipima homa, hakuna. Alipima shinikizo la damu, liko sawa. Uchungu ulikuwa unakuja kwa mbali na kupotea. Kisha akapitisha utepe juu ya tumbo, akatazama kitabu cha kliniki, akapitisha utepe tena. Akampeleka kwenye mashine ya picha, akakaa naye huko kitambo, akarudi akiwa amekunja uso.

"Nitawaeleza wazi," alisema, "kwa sababu uamuzi si wangu peke yangu. Kitabu kinasema wiki thelathini na tano. Mtoto niliyemwona ana ukubwa wa wiki thelathini na moja hivi. Mashine, mimba ikishakuwa kubwa namna hii, hukosea hata wiki tatu. Kwa hiyo sijui ninatazama mtoto mchanga wa wiki thelathini na moja, au mtoto wa wiki thelathini na tano aliyeacha kukua."

"Mjukuu wangu medumaa!" Bi Hindu alishika kifua. "Nalisema mimi. Supu yote ile!"

"Kama ni thelathini na tano na hakui," Kiprotich aliendelea, "kumwacha ndani ni hatari. Tutamtoa leo. Kama ni thelathini na moja, kumtoa leo ndiyo hatari, maana mapafu hayajakomaa. Hapo ningejaribu kuzuia uchungu siku mbili, nikampa mama sindano za kuyakomaza. Dawa ni tofauti, njia ni tofauti. Kila kitu kinategemea tarehe hii moja." Akagonga kitabu kwa kidole. "Mna hakika nayo?"

"Hakika kama nilivyosimama hapa," akasema Bi Hindu.

Nusra alihisi mtoto akijinyoosha ubavuni, polepole, kama mtu aliyelala kwenye kitanda kifupi. Yote aliyokuwa akiogopa kwa miezi, macho ya Bi Hindu, vicheko vya Pate, Maram na nyonga zake, yakawa madogo ghafla. Alikuwa akihofia aibu. Sasa alihofia mapafu.

"Daktari," alisema, "naomba tuzungumze peke yetu."

"Peke yenu mna siri gani?" Bi Hindu akavuta kiti akakaa. "Mimi si mgeni."

Nusra akaona njia moja tu. Akavuta pumzi, akasema kwa Kiingereza, kile anachofundishia hesabu, kwamba tarehe ya kitabuni si ya kweli. Kwamba hedhi ya mwisho ilianza mwezi wa kumi tarehe kumi na tano. Na kwamba anamsihi daktari awe msiri.

Kiprotich alimsikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu atoke kwenye mashine uso wake ukakunjuka. Furaha ikamponyoka. "Kwa hivyo mimba ni ya wiki thelathini na moja kamili," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutangaza mshindi, "na ile tarehe ya mwezi wa tisa ni ya uongo!"

Mahfudha alifumba macho.

Kwenye kitanda cha pili mwanamke aliyekuwa akijipepea aliacha kujipepea. Bi Hindu aliinua mkono wa kushoto na kuanza kuhesabu vidole, mmoja mmoja, akarudi nyuma mpaka mwezi ambao mimba ilitungwa.

"Mwezi wa kumi," akasema taratibu, "Fadhil alikuwa Kiwayu."

Watu wote wodini wakamtazama Fadhil. Mtu huyu alikuwa fundi hodari, mwenye mikono ya kuchonga ua la yungiyungi juu ya mti mkavu wa mvule, lakini mbele ya mamake alikuwa hajawahi kumaliza sentensi moja tangu azaliwe.

"Mama," alisema, "mimi… nalikuya Amu."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi. Siku tatu."

"Ukalala wapi?"

"Mkomani. Nyumba ya wageni."

"Na huyu?"

"Na huyu."

"Huyu alikuwa semina."

Fadhil akatazama vidole vya miguu yake. "Ndiyo hiyo semina, Mama."

Mwanamke wa kitanda cha pili alijifunika shuka usoni, shuka ikatikisika. Bi Hindu alisimama. "Siku zile nimekupelekea ujumbe wa sauti, ukanambia Kiwayu kuna upepo, mtandao hauna! Nikakaa juu ya msala nikawaombea watu wa Kiwayu upepo uwapishe! Kumbe upepo uko Mkomani, ghorofani!"

"Samahani," Kiprotich akaingilia, kalamu tayari. "Siku tatu hizo, ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini," Nusra akajibu.

"Na kabla yake hamkuonana?"

"Tangu mwisho wa mwezi wa tisa."

"Na baada yake?"

"Mpaka mwezi wa kumi na mbili," Fadhil akasema kwa huzuni.

"Siku tatu tu!" Kiprotich alikuwa akiandika kwa raha isiyofichika. "Bi Nusra, wanawake wengi huniambia 'baada ya mvua' au 'kabla ya mfungo'. Sijawahi kupata tarehe safi kama hii. Hii ni zawadi."

Bi Hindu alimtazama kana kwamba angemtia mkoba wake kichwani.

Katikati ya hayo akaingia Zaki, kaka mkubwa wa Fadhil, na chupa ya chai mkononi. Zaki ana duka la simu hapo Amu, lakini sifa zake zote ni za kunyanyua vyuma. Fulana zake hununuliwa za saizi ndogo kwa makusudi. Alimkuta Kiprotich akieleza kuwa sindano ni nne, moja kila baada ya saa kumi na mbili, na kwamba ni dawa ya jamii ya steroidi.

"Steroidi?" Zaki akaweka chupa chini. "Daktari, hizo nazijua. Kuna jamaa pale jimu alizitumia. Shingo ilipotea. Ndevu zikamtoka mpaka mashavuni, chini ya mato."

Bi Hindu akasahau hasira moja akashika nyingine. "Mjukuu wangu atazaliwa na ndevu? Na akiwa mwanamke?"

"Bi Hindu," Mahfudha akasema, akimketisha, "hiyo ni jamii kubwa, ina watoto wengi wasiofanana. Za jimu ni za kufurisha misuli. Hii ni nyingine kabisa, hata mwili wako wewe unatengeneza ya namna yake. Yapita kwa mama, yamfikia mtoto, yayaambia mapafu: fanyeni haraka, siku za kupumua zimekaribia. Ndiyo kazi yake. Haina shughuli na ndevu."

"Wala shingo?" Zaki akauliza.

"Wala shingo."

"Hata hivyo," Bi Hindu akasema, "tumpigie ami yake Fadhil kwanza, huko Faza. Ni mtu mzima, tusikie rai yake."

Fadhil, kwa mazoea, akaanza kutafuta simu mfukoni. Nusra akamshika mkono.

"Daktari," alisema, "nikikataa, itakuwaje?"

"Huenda akazaliwa akapumua bila taabu. Lakini kwa wiki hizi wengi hutaabika, wengine sana."

"Nikikubali?"

"Bado anaweza kutaabika, ila hofu yangu itapungua sana. Wewe sukari itapanda kidogo, na huenda ukakosa usingizi siku mbili hizi. Sijaona dalili yoyote ya maambukizi ya kunizuia, na nitakupa dawa ya kuyakinga. Mtoto akizaliwa, chumba chetu cha watoto wachanga kiko tayari. Ungekuwa wiki thelathini na tano nisingekushauri. Faida ingekuwa ndogo, na sukari ya mtoto ingeweza kushuka. Kwa thelathini na moja nakushauri, na nakushauri tuanze sasa, kwa sababu sindano zinataka muda na sijui uchungu utatupa muda gani."

Tangu mwanzo, kila kitu cha mimba hii kilikuwa kimeamuliwa na mwingine: chakula chake, kitabu chake, hata umri wake. Na Nusra mwenyewe ndiye aliyeiachia hali hiyo, kwa neno moja juu ya mbuzi ya nazi.

"Nitie," alisema. "Ami wa Faza tutampa habari baadaye."

Kiprotich akauliza tena, maana ni haki yake kuuliza, "Na tarehe hii ya pili, una hakika nayo?"

"Ya kwanza ilitokana na hofu. Hii nilikuwapo."

Shuka ya kitanda cha pili ikatikisika tena. Sindano ya kwanza ikaingia pajani saa nane mchana.

Siku mbili zilizofuata Bi Hindu hakusema na Nusra, ila hakuondoka kando yake pia. Alisema naye kupitia kwa wengine. "Mwambieni mwalimu anywe uji." "Mwambieni mwalimu alalie ubavu wa kushoto." Pakiwa hapana mtu, aliuambia ukuta. Nusra naye akaujibu ukuta, "Mwambie Mama nimeshiba," na ukuta ukaambiwa kwamba hajashiba. Lakini saa ya sindano ilipokaribia, Bi Hindu alikuwa mlangoni, saa ya mkononi imeinuliwa. Mara moja Mahfudha alichelewa dakika nne kwa sababu ya mzazi mwingine, akapokelewa kwa maneno: "Sista, saa nane ni saa nane. Mapafu yanangoja."

Sindano ya nne ilipokwisha kuingia, na uchungu bado umelala, Bi Hindu aliketi ukingoni mwa kitanda. Hakuutazama ukuta safari hii.

"Mbona hukunambia kweli?"

"Nilikwambia kila mwezi, Mama. Bado, bado, bado. Ukaanza kumsifu Maram."

"Maram?" Bi Hindu alishangaa kwa dhati. "Maram ana mchumba Mombasa tangu mwaka juzi! Nalimsifu kwa kuwa yuwala. Nalitaka nawe ule, uwe na mwili."

Nusra alimtazama. Miezi saba ya hofu, safari ya boti, chumba cha Mkomani, jino la Fadhil, yote kwa sababu ya mtu kuambiwa ale. Kicheko kilimpanda, akakizuia kwa mkono, akaogopa kitamletea uchungu. Bi Hindu alijitahidi kubaki amekasirika, akashindwa, akageuka upande wa dirisha mabega yakimcheza.

Mtoto alizaliwa siku ya tano, baada ya sala ya Alasiri. Mwanamke, kilo moja na gramu mia sita. Kabla hajafutwa vizuri alitoa sauti kama ya bawaba kavu, ndogo lakini yenye madai. Kiprotich aliweka kipimo kwenye kifua cha mtoto, akasikiliza huku na huku, akampa oksijeni kidogo kwa siku mbili, kisha akaiondoa. "Anapumua," alisema, na ilionekana angependa kusema zaidi lakini Kiswahili cha darasani hakikumpa. Akaitwa Amal. Hakuwa na ndevu. Zaki mwenyewe alikwenda kuhakikisha.

Wageni wa kutoka Pate walipokuja na vyungu vyao, hawakukosa wa kuhesabu. "Thelathini na moja?" mama mmoja akauliza akiwa na vidole hewani. "Na Fadhil hakuwa Kiwayu wakati huo?"

"Nalimwita mimi," Bi Hindu akajibu bila kupepesa. "Nilikuwa naumwa. Kula biskuti."

Fadhil, aliyekuwa karibu, akamsogezea mgeni sahani ya biskuti. Nusra alitazama dari kwa adabu.

Walipopewa ruhusa walikaa kwanza nyumbani kwa Zaki hapo Amu, wawe karibu na kliniki. Mahfudha alikuwa amewafunza kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa leso ili apate joto la mtu. Nusra alimbeba, Fadhil alimbeba, Bi Hindu alimbeba na kugoma kumtoa. Siku moja wote watatu walichoka, na Zaki, aliyekuwa akizungukazunguka muda mrefu, akavua fulana akasema kifua chake ndicho kikubwa kuliko vyote na hakijatumika. Akafungiwa Amal.

Mtoto alilala papo hapo, shavu limegandana na misuli ya miaka kumi. Baada ya saa nzima Nusra alisikia sauti hafifu ikitoka sebuleni, sauti ya mtu anayeogopa kupumua.

"Shemeji," Zaki alikuwa akinong'ona, jasho likimtiririka, mikono yote miwili imekaa hewani. "Shemeji, ndoo hapa unikune pua."